Mtoto alianza plasta Goma, atamalizia wapi?



Kama una mtoto aliyezaliwa na mguu uliopindia ndani, na matibabu yake yalianza mahali pengine kabla hujafika hapa Nakivale, makala hii nimeiandika kwa ajili yako. Kama huna mtoto wa namna hiyo, isome hata hivyo. Inawezekana jirani yako anaye, na kila anapotoka nje humfunika miguu kwa kitenge ili watu wasione.

Ugonjwa huu unaitwa mguu kifundo. Mtoto huzaliwa unyayo ukiwa umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu, hata ukimsimamisha anakanyagia upande wa nje wa mguu. Kati ya watoto 1000 wanaozaliwa, mmoja hivi huwa nao. Wavulana huupata karibu mara mbili kuliko wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na miguu yote miwili ikiwa hivyo. Si laana, na haukuletwa na mama kubeba kuni au kukimbia vita akiwa na mimba. Baba, ukisikia mtu anamlaumu mke wako kwa jambo hili, mnyamazishe.

Unatibika, tena bila upasuaji mkubwa. Lakini matibabu yake ni marefu, na watu wetu ni watu wa kuhamahama. Ndiyo maana watoto wengi hujikuta wameanza kwa daktari mmoja na wanatakiwa kumalizia kwa mwingine, katika nchi nyingine, na lugha nyingine. Hapo katikati ndipo mguu unapoharibikiwa. Nalijua hilo kwa sababu lilitokea nyumbani kwetu, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Yaliyompata mpwa wangu

Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume huko Goma katikati ya Desemba 2024. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda. Bahati nzuri muuguzi aliyemzalisha aliutambua, akamtuma hospitali, na mapema Januari 2025 wakamwekea plasta ya kwanza. Sisi tuliotoka Congo tumezoea kusema plâtre, ni kitu kilekile. Alirudi kila wiki. Alikuwa amefungwa plasta ya tatu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa mwezi huo. Dada akatoka na mtoto mgongoni, plasta mguuni, hadi Bunagana, akavuka mpaka, akapokelewa kwenye kituo cha muda cha Nyakabande kule Kisoro.

Fiche ya hospitali ilipotea njiani. Plasta iliyotakiwa kukaa wiki moja ilikaa karibu wiki mbili. Mtoto mchanga hukua haraka sana, nawe mama unalijua hilo. Vidole vilianza kuvimba. Mama mmoja waliyekuwa naye kituoni akamsaidia kuilowesha kwa maji na kuifungua. Hapo walifanya vizuri kabisa.

Wakafika Nakivale. Mimi tayari nilikuwa VHT, nimefunzwa mambo ya malaria, kuhara na lishe, na nilijiona najua. Dada akaniuliza, “Huu mguu tuupeleke wapi?” Nikautazama, nikaona umenyooka kidogo kuliko alivyonieleza kwenye simu. Nikamwambia, “Pumzika kwanza dada, pata kadi ya chakula, jenga nyumba, mtoto akikomaa tutatafuta daktari.” Zikapita wiki tano. Mguu ukarudi ndani taratibu, siku kwa siku, na sisi tunautazama tu kwa sababu unapomwona mtoto kila siku huoni mabadiliko.

Tulipofika hatimaye kwenye kliniki ya miguu mjini, ofisa wa mifupa aliupima akasema tungekuja moja kwa moja zingetosha plasta mbili au tatu. Sasa zilihitajika tano. Kila plasta ni safari, kila safari ni nauli, na ilikuwa msimu wa mvua wa Aprili ambapo barabara ya kutoka Rubondo ni tope tupu. Hizo wiki tano za mapumziko nilizozitoa mimi, dada yangu alizilipa kwa kuuza kitenge chake kizuri na sehemu ya mahindi.

Plasta inafanya nini

Inafaa uelewe kazi ya plasta, maana ukielewa hutadanganywa na macho yako unapobadilisha daktari.

Daktari hauvunji mguu wala hauvuti kwa nguvu. Anausukuma polepole kwa vidole, kisha anafunga plasta kuanzia vidoleni hadi juu pajani, goti likiwa limekunjwa. Baada ya wiki moja anafungua, anausogeza tena kidogo, anafunga nyingine. Mifupa ya mtoto mchanga bado ni laini, inafuata. Kwa kawaida zinatosha plasta nne hadi saba.

Baada ya plasta ya kwanza, mguu unaweza kuonekana umepinda zaidi kuliko mwanzo. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu daktari anaanza kwa kunyoosha upinde wa chini ya unyayo. Halafu unyayo unaanza kugeukia nje, wiki baada ya wiki. Kisigino kinashuka mwisho kabisa. Kwa hiyo kama plasta ya nne imetoka na vidole bado vinaelekea chini, hilo si jambo la kukufanya uondoke ukatafute mganga mwingine.

Kwa watoto wengi kisigino hakishuki chenyewe. Kuna kano ngumu nyuma ya kisigino, na daktari huikata kwa kitundu kidogo sana, mtoto akiwa amechomwa sindano ya ganzi. Halafu plasta ya mwisho inakaa wiki tatu, na katika wiki hizo kano inaungana yenyewe ikiwa ndefu zaidi. Dada yangu aliposikia neno kukata alitaka kukimbia na mtoto wake. Alirudi kwa sababu mama mwingine kwenye benchi alimwonyesha mtoto wake, alama nyuma ya kisigino ikiwa ndogo kama alama ya chanjo.

Baadaye vinakuja viatu, navyo nitavieleza huko mbele kwa sababu ndivyo vinavyosumbua kuliko yote.

Ukiwa njiani

Kama plasta iko mguuni na hujui lini utamwona daktari, tazama vidole vya mtoto kila siku, asubuhi na jioni. Bonyeza kidole kimoja, kitakuwa cheupe, kisha damu irudi haraka. Ikiwa vidole ni vya baridi, vimevimba, vimebadilika rangi kuwa bluu au vyeusi, au mtoto analia usiku kucha bila sababu, plasta imebana. Kimbilia kituo cha afya kilicho karibu. Hata kile kisichojua habari za mguu kifundo kinaweza kuifungua.

Pia ikiwa vidole vimezama ndani ya plasta huvioni tena, maana yake imeteleza. Plasta iliyoteleza haisaidii, inaumiza ngozi na kuharibu kazi yote.

Na kama hakuna kituo, uko porini au kwenye kituo cha mapokezi usiku? Plasta nyeupe ya kawaida hulainika kwa maji. Mkalishe mtoto mguu wake ukiwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, mimina juu ya paja pia, subiri nusu saa au zaidi, kisha tafuta ncha ya bendeji na uanze kuikunjua polepole. Usitumie kisu, wembe wala mkasi, ngozi ya mtoto iko karibu kuliko unavyodhani. Ile plasta ngumu kama plastiki haifunguki kwa maji, hiyo ni ya hospitali tu.

Ila usifungue plasta isiyo na shida kwa sababu tu mtoto anajikuna au bibi yake anamhurumia. Mguu ukiachwa wazi huanza kurudi. Ndiyo sababu kliniki nyingi hukuambia uifungue asubuhi ileile ya kuja, wala si jana yake.

Ukifika tu, sema

Usifanye kama nilivyomshauri dada yangu. Siku ya kwanza unapopimwa afya kwenye mapokezi, mwonyeshe muuguzi mguu. Watauliza homa, kikohozi na kuhara. Watu ni wengi, foleni ni ndefu, na hakuna atakayemfunua mtoto wako miguu kama wewe hukusema. Ukishapewa kiwanja mtafute VHT wa kijiji chako. Sisi ndio tunaokupeleka kituo cha afya upate barua ya rufaa.

Nawaomba pia VHT wenzangu: ukitembelea nyumba yenye mtoto mchanga, omba kuona miguu.

Daktari mpya hajui mlikotoka

Kama fiche yako ipo, hiyo ni mali, iweke pamoja na karatasi za familia ndani ya mfuko wa plastiki. Wengine wanasema imeandikwa kwa Kifaransa na hapa wanasoma Kiingereza, haina maana. Si kweli. Tarehe zinasomeka kwa lugha yoyote. Na waganga wa mguu kifundo katika nchi nyingi wanatumia alama za aina moja, zinaitwa alama za Pirani. Daktari hutazama mambo sita kwenye mguu, kila moja analipa sifuri, nusu au moja, anajumlisha. Mguu wenye 6 umepinda kabisa, wenye 0 umenyooka. Ukiona kwenye karatasi yako namba kama 5, halafu 4, halafu 2.5, hiyo ndiyo safari ya mguu wa mtoto wako, na daktari mpya ataisoma bila mkalimani.

Kama umepoteza kila kitu, bado una kichwa chako. Kaa chini na baba wa mtoto au bibi aliyekuwepo, mkumbuke pamoja kabla ya kwenda, kisha mtu anayejua kuandika aandike kwenye daftari la matibabu la mtoto: alizaliwa lini, plasta ya kwanza ilikuwa lini, zilikuwa ngapi, ziliishia chini ya goti au juu pajani, kano ya kisigino ilikatwa au bado, ya mwisho ilitolewa lini, alishavaa viatu au hapana, na kwa muda gani. Dada yangu aliulizwa kama kano ilikatwa akajibu hajui. Ikabidi ofisa atafute alama kwa taa. Haikuwepo, basi akajua bado.

Simu yako ikiwa na kamera, piga picha ya mguu kila plasta inapotolewa, kabla haijafungwa mpya. Piga picha ya karatasi pia, na umtumie ndugu aliye mbali. Simu hupotea, lakini ndugu atakuwa nazo.

Akisema tuanze upya

Neno hili huwauma sana kina mama. Umepoteza nyumba, umetembea na mtoto mgongoni, halafu mtu ambaye hajui ulikotoka anakuambia plasta tena. Nimewaona wanaosimama na kuondoka.

Kaa. Kuanza upya hapa si kurudi sifuri. Mguu uliokwisha kulainishwa kwa plasta tatu huko nyuma, mara nyingi hunyooka kwa chache zaidi ukiurudia mapema. Na daktari mpya lazima aushike mwenyewe ajue ulipofikia, hawezi kuamini karatasi peke yake. Hata fundi cherehani akipewa gauni aliloanza mwenzake hupima tena.

Lakini una haki ya kuuliza. Muulize alama za leo ni ngapi. Muulize anatazamia plasta ngapi. Ikiwa anataka kufunga plasta inayoishia chini ya goti, muulize kwa upole kwa nini, kwa sababu katika njia hii plasta hupanda hadi pajani, fupi huteleza. Uliza kama hapo ni kliniki ya mguu kifundo au ni chumba cha kufunga mifupa iliyovunjika, na kama ni cha mifupa, omba rufaa ya kliniki. Mtu mzuri hatakasirika kwa maswali hayo. Dada yangu alikuwa akilinganisha kila kitu, “kule Goma walimshika hivi, hapa wanamshika vile”, na yule ofisa akamweleza kidole gumba chake kinasukuma mfupa upi na kwa nini. Tangu siku hiyo hakulinganisha tena.

Kitu kimoja usikifanye: kuwa na madaktari wawili kwa wakati mmoja, huku wa mjini na huku mtu wa kukanda mguu kwa mafuta kijijini. Kukanda kwa nguvu kunaumiza mifupa laini.

Aliyeanzisha njia hii naye alikimbia

Nilipoelezwa habari hii kwenye mafunzo nilifurahi, nikaona niwaletee. Njia hii ya plasta iliundwa na daktari Ignacio Ponseti, aliyezaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipiganwa huko kati ya 1936 na 1939, naye alikuwa akitibu majeruhi. Upande wake uliposhindwa, alivuka milima kwenda Ufaransa pamoja na majeruhi wake, baadaye akaenda Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko aliona kwamba watu waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa mguu kifundo wakiwa wadogo, ukubwani miguu yao ilikuwa migumu na yenye maumivu. Akatafuta njia ya kutumia mikono na plasta. Kwa miaka mingi madaktari wengi hawakumsikiliza. Alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 95, na leo njia yake inatumika nchi nyingi, pamoja na Congo na Uganda.

Viatu

Plasta ikiisha, watu husherehekea na kudhani kazi imekwisha. Mguu umenyooka, mtoto anapendeza, ya nini kumtesa? Mguu kifundo una tabia ya kurudi, na sababu kubwa ya kurudi kwake ni viatu kutovaliwa.

Ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma katikati, na vidole vimegeuzwa kuelekea nje. Miezi 3 ya kwanza huvaliwa saa 23 kwa siku, hutolewa kwa kuoga na kunyoosha mguu tu. Baada ya hapo huvaliwa wakati wa kulala, usiku na mchana, hadi mtoto afikishe miaka 4 hivi. Ndiyo, miaka 4. Katika muda huo familia nyingi za wakimbizi zitahama tena.

Hapa Uganda utakutana na viatu vya ngozi vinavyotengenezwa humuhumu nchini, vilivyobuniwa na fundi Mholanzi, Michiel Steenbeek, alipokuwa akifanya kazi huku. Vina tundu dogo pembeni mwa kisigino. Chungulia kila unapomvisha: kisigino kikionekana kwenye tundu, kimekaa chini vizuri. Kama hukioni, fungua uvishe tena, bana mkanda wa kati kwanza. Ulikotoka huenda ulipewa vya plastiki, au chuma chake kilikuwa tofauti. Usivitupe vya zamani kabla daktari mpya hajaviona, kwa sababu vinamwonyesha mguu uligeuzwa kiasi gani. Na usimwazime mtoto wa jirani bila kupimwa, maana mguu uliokuwa umepinda hugeuzwa nje zaidi ya ule mzima, na urefu wa chuma hulingana na upana wa mabega ya mtoto mwenyewe.

Usiku wa kwanza na wa pili mtoto atalia. Mpwa wangu alilia siku tatu, majirani wakaja kuuliza tunamfanyia nini. Dada akakaribia kuvivua. Akagundua mtoto analia kwa sababu hawezi kurusha miguu mmojammoja, basi akawa anaishika kile chuma na kuikunja miguu yote pamoja, kama mchezo. Akanyamaza. Kilio cha mazoea hupita. Chenye malengelenge au ngozi nyekundu isiyopotea hakipiti, hicho kirudishe kliniki.

Ukiondoka hapa

Wengine watarudi nyumbani, wengine watahamia Kampala au nchi ya tatu. Msiondoke kimyakimya. Wiki mbili kabla, nenda kliniki uombe barua ya uhamisho, iandikwe alama za mwisho, tarehe ya kukatwa kano, saizi ya viatu na idadi ya saa anazovaa. Omba viatu vya saizi inayofuata kama vipo, kwa sababu mtoto atakua kabla hujapata kliniki mpya. Unapopimwa afya kwa ajili ya safari, sema wazi kwamba mtoto yuko kwenye matibabu, wala usivifiche viatu ukidhani vitazuia safari. Ukiwa na mtu anayetumia dawa za kifua kikuu, kifafa au za virusi vya Ukimwi, mwendo ni huohuo: barua kwanza, gari baadaye.

Mpwa wangu alimaliza plasta na kukatwa kano, akaanza viatu Juni 2025. Sasa anatembea, anakimbiza kuku wa jirani, na jioni akiona dada amekaa kwenye mkeka na vile viatu, anakimbilia upande mwingine wa nyumba. Bado ana miaka zaidi ya miwili ya kuvivaa.

Jozi yake ya kwanza ilimbana tukairudisha kliniki, ikapimwa na kupewa mtoto mwingine. Kama unayo nyumbani jozi ambayo mtoto wako ameipita, hata ikiwa na mkanda uliokatika, mpe VHT wako aifikishe.